Pampu ya Upande wa Pili

Wachimbaji wa makaa ya mawe hawajipaki wanja, lakini wanao. Hata mtu aoge vipi pale kwenye bafu la mgodi, hata mwenzake amsugue mgongo mpaka ngozi iwake, vumbi la makaa hubaki kwenye kope, mstari mwembamba mweusi juu na chini, na jicho likaonekana limerembwa. Kwenye nyumba za mgodi wa Emilie, huko Gelsenkirchen, kila mwanamume alikuwa na macho ya namna hiyo, na kwa sababu kila mtu alikuwa nayo hakuna aliyeyatazama.

Waliyatazama siku Alfons Wieczorek alipokwenda shule ya mjini kumpelekea mwanawe Norbert koti alilolisahau. Alisimama mlangoni mwa darasa, kofia mkononi, akasalimia kwa heshima zote, akalitoa koti, akaenda zake. Mvulana mmoja, baba yake mwenye duka la dawa, akauliza kwa sauti mbona mzee wa Wieczorek anapaka wanja, au ni mcheza sarakasi. Darasa likacheka, na Norbert naye akacheka. Baba yake alikuwa bado hajafika mwisho wa ukumbi, na buti zake zilisikika zikisimama kidogo kabla ya kuendelea.

Hadi siku ile hapakuwa na chakula Norbert alichokipenda kama mkate wa sungura. Alfons akipanda juu kutoka zamuni alikuwa akibakiza kipande cha mkate wake wa soseji ya maini, kingo zimekauka, kina harufu ya bati na ya chini ya ardhi, akampa mwanawe mlangoni na kumwambia kwamba njiani amekutana na sungura, kampa zawadi. Kila mtoto wa mtaa ule alikuwa na sungura wake. Baada ya habari ya koti Norbert akaanza kusema hana njaa. Alfons aliendelea kubakiza kile kipande kwa muda, kisha akaacha, na hakuuliza kitu.

Basi ndivyo alivyokua huyu Norbert, kijana mwenye mikono mizuri na moyo wa kukunjakunja. Shule ilimshinda, akawa fundi televisheni. Redio mbovu ikifika mezani kwake ilikuwa inarudi kwa mwenyewe inaimba, na vipuri alivyobakiwa navyo alivichukua nyumbani, akaviunganisha chumbani kwake vikawa vinalia, vinavuma, vinapiga miluzi ambayo hata njiwa wa baba yake hawakuipenda. Mama yake, Hedwig, alikuwa akigonga dari kwa mpini wa ufagio na kusema kwamba kama ni muziki basi na bomba lao la jikoni ni kwaya.

Mwaka sabini na tatu wakaingia dukani vijana wawili kutoka Düsseldorf, Gisbert Overkamp na Almut Freese, wamebeba sanduku lenye vitasa na nyaya kama matumbo ya mbuzi. Ilikuwa mashine ya kutengeneza sauti, ile ya umeme mtupu, na kasoro yake ni kwamba haikai kwenye sauti uliyoipa: ikipata joto inapanda, ikipoa inashuka, mwanamuziki anabaki kuifukuza kama kuku. Norbert akaifungua, akaitazama, akaitia dawa. Waliporudi kuichukua Gisbert akamwambia aje naye. Baba yake Gisbert alikuwa daktari wa meno, na chini ya nyumba yao kulikuwa na chumba kikubwa walichokijaza mashine, vinasa sauti na blanketi ukutani. Norbert akaenda, na tangu hapo kila jioni baada ya kazi alikuwa huko.

Wazo la santuri lilikuwa la Almut. Alisema amechoka na santuri zinazokusanya nyimbo kumi zisizojuana. Yeye anataka santuri moja yenye hadithi moja, bila mwimbaji wala gitaa, mashine tu: zamu ya siku moja ya mchimba makaa. Upande wa kwanza ashuke. Upande wa pili awe ukutani kwenye makaa, kisha apande juu. Wataiita Zamu ya Alfajiri. Gisbert alishangilia, na ikumbukwe kwamba hakuna kati ya hao wawili aliyewahi kuuona mgodi hata kwa nje. Ndipo Norbert akateleza akasema yeye anaishi kwenye nyumba za mgodi. Wakamgeukia wote wawili, wamefurahi, wakamuuliza baba yake anafanya kazi gani pale.

"Mpimaji," alisema Norbert. "Anachora ramani. Ofisini."

Hawakuwa wamemcheka. Hawakuwa hata watu wa kucheka, na Almut pengine angemheshimu zaidi kwa ule ukweli. Lakini mtu aliyezoea kuona haya haulizi kama haya inahitajika. Lile neno lilimtoka tu, na likishatoka likawa ni la kulishwa na kunyweshwa kila jioni.

Wakamwomba alete sauti za mgodi zenyewe. Nyumbani, mezani, akamweleza baba yake kwamba yeye na wenzake wanatengeneza santuri ya mgodi na wanahitaji kunasa sauti za chini. Alfons akatikisa kichwa. Kifaa cha umeme hakishuki, alisema, huko chini kuna gesi, cheche moja tu na watu wote wanaondoka. Akala kidogo. Halafu akaweka kijiko chini.

"Chombo chako hakishuki, lakini mimi nimeshuka tangu hujazaliwa," alisema. "Sauti zote ninazo humu kichwani. Lete hicho kipaza sauti chako, nikupe."

Jumamosi mchana Alfons alivaa shati safi, shati la kanisani, akakaa jikoni karibu na dirisha, mikono juu ya magoti kana kwamba anapigwa picha. Hedwig aliondoa vyombo vyote visije vikagongana. Norbert akaweka kinasa sauti mezani, akavaa visikilizio. Mzee akaanza. Akapiga kengele ya kushuka kwa kijiko kwenye kifuniko cha sufuria. Akafanya ukanda wa kubebea makaa unavyokwaruza, akafanya nyundo ya upepo ya kuvunjia makaa, akafanya nguzo za kushikilia dari zinavyolia kabla ya kukaa sawa, sauti nyembamba ya puani, na kabla ya kila moja alieleza ni nini na iko wapi, maana alitaka mwanawe asikosee. Norbert hakuwa amemsikia akisema maneno mengi hivyo kwa miaka.

Aliporudia nyundo ya upepo kikohozi kikaja. Kilianzia chini, kikamkunja. Kwanza hewa inavutwa kwa shida, inakwama, halafu inatoka kwa kishindo. Inavutwa, inakwama, inatoka, kwa mwendo mmoja usiobadilika, maana mapafu yaliyojaa vumbi hayana haraka. Hedwig alimshika bega. "Taratibu, Alfons," alimwambia. "Shika dirisha." Na Alfons, uso chini, mkono mmoja kwenye kizingiti cha dirisha, akainua mkono wa pili na kuushusha, kiganja chini. Zima.

Norbert akaweka kidole kwenye kitufe, akamtikisia baba yake kichwa kwamba tayari. Kanda ikaendelea kuzunguka. Baadaye alijiambia kwamba kidole kilichelewa, lakini kidole hakikuchelewa. Masikio yake ndiyo yaliyokikataza, kwa kuwa ndani ya visikilizio kile kikohozi kilikuwa na mdundo ambao kwa wiki tatu walikuwa wameutafuta Düsseldorf bila kuupata.

"Hiyo haimo, eh?" aliuliza Alfons alipopata pumzi.

"Haimo, baba."

"Maana ikimfikia Kubiak nimekwisha."

Stanislaus Kubiak alikuwa jirani yao ukuta kwa ukuta, mwenyekiti wa chama cha njiwa, na msimamizi wa zamu ya Alfons. Mtu mzuri, lakini kanuni ni kanuni: akijua, atamwandikia mtu wake aende kwa daktari wa mgodi, daktari atapiga picha ya kifua, na baada ya picha Alfons Wieczorek hatakanyaga tena chini. Angewekwa juu, kwenye ukanda wa kuchagua mawe, pamoja na wazee na vilema, na kila jioni angepita mtaa mzima na uso usio na wanja. Kwa hiyo kila kikohozi kilipomjia alikimbilia kibanda cha njiwa, akakoholea humo, na akitoka anawalaani ndege kwa manyoya yao. Mtaa mzima ulijua kwamba Wieczorek ana njiwa wenye vumbi. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Alfons hakuogopa kifo hata robo ya alivyoogopa ule ukanda wa mawe.

Düsseldorf, Norbert akawasikilizisha wenzake zile sauti za mdomo. Alipofika kwenye nguzo zinazolia Gisbert alishindwa kujizuia, akacheka hadi akashika ubavu, akauliza huyu mlevi ni nani.

"Jirani mmoja," alisema Norbert, na yeye akacheka. Alijisikia akicheka, na akakumbuka zile buti ukumbini.

Usingizi ulimpaa. Kesho yake, badala ya kuifuta ile kanda, aliketi chumbani kwake akakata kipande cha kikohozi, akaunga ncha kwa ncha kikawa pete. Pete ilikuwa ndefu kuliko mashine, akaipitisha kwenye shingo ya chupa ya bia iliyosimama mezani isilegee, ikawa inazunguka na kurudi, inazunguka na kurudi. Bado ilikuwa ni baba yake. Akapunguza mwendo, kidogo kidogo. Ulipopungua kama robo, baba yake akaondoka. Kilichobaki ni chuma kizito kinachovuta na kusukuma, na lile neno la mama yake lililoangukia katikati likawa mngurumo wa chini usio na maana. Norbert alifurahi, na furaha hiyo ndiyo aliyokuja kuionea haya kuliko jambo jingine lolote.

"Hii ni nini?" aliuliza Almut alipoisikia. Alikuwa amesimama, hakukaa tena.

"Pampu. Ya kutoa maji mgodini. Nimeitoa kwenye maktaba ya sauti."

Almut akaisikiliza tena. "Pampu hii ina roho," alisema.

Upande wa pili wote ukajengwa juu yake. Waliongeza mivumo, wakaongeza kengele, wakaipunguza na kuipandisha, lakini haikunyamaza tangu sindano inapogusa mpaka mchimbaji anapopanda juu. Mara mbili Norbert alijaribu kuiondoa. Mara ya kwanza alitengeneza mdundo wa umeme badala yake, Almut akasema umekufa. Mara ya pili alisema tu kwamba haipendi, na Gisbert akamuuliza kwa nini. Jibu lilikuwa fupi, maneno matatu, ni baba yangu, lakini nyuma ya hayo matatu yalipangana mengine yote: mpimaji, jirani, mlevi, maktaba. Akasema basi iachwe. Santuri ikachapwa, na nyuma ya jalada, chini ya majina yao, ikaandikwa kwa herufi ndogo kwamba sauti ya pampu ni ya maktaba.

Nyumbani hakusema kitu. Nakala yake aliificha nyuma ya kabati, akategemea kwamba santuri ya watu watatu wasiojulikana itakufa kimyakimya na kuzikwa. Lakini mtaani kwao simu ilikuwa moja, ya Kubiak, na namba hiyo ndiyo Norbert aliyowapa wenzake. Gisbert alipopata habari kwamba redio itapiga upande mzima Jumapili saa kumi alasiri, alipiga simu, akapokea Kubiak, Kubiak akavuka ua akampa Hedwig ujumbe. Hedwig hakulala. Kabla ya Ijumaa kila nyumba ilishajua kwamba mwana wa Wieczorek atakuwa redioni na santuri ya mgodi wao. Alimwalika Kubiak, na akamtuma Kubiak apige simu kuwaalika na wale vijana wa Düsseldorf, kwa kuwa si adabu watu wafanye kazi na mtoto wako bila kula keki yako. Norbert alipoambiwa, mambo yalikuwa yamekwisha kupangwa.

Jumapili ikafika, na keki ya plamu mezani, na krimu kwenye bakuli, na kahawa ile nzito ya wageni. Alfons alivaa lile shati. Gisbert na Almut waliingia na maua. Kubiak aliuliza habari za muziki kama mtu anayeuliza habari za ng'ombe, kwa heshima na bila kuelewa. Kisha Gisbert, ambaye hakukusudia ubaya wowote, akamgeukia mwenye nyumba.

"Norbert ametuambia wewe ni mpimaji, Bwana Wieczorek."

Alfons alimtazama mwanawe kwa yale macho yake yenye wanja. Hakukawia.

"Napima," alisema. "Kimo cha dari, kwa kichwa changu. Kila siku napata kilekile."

Kubiak alicheka mpaka kahawa ikamwagika, akasema dari lenyewe linalalamika. Gisbert akacheka kwa adabu. Almut hakucheka, alimtazama Norbert, na Norbert akatamani ardhi ipasuke immeze. Si ombi la ajabu kwao, maana ardhi ya pale ilikuwa imechimbwa chini yote na kila nyumba ilikuwa na ufa. Lakini siku hiyo haikupasuka.

Mtangazaji akasema watasikia upande wa pili wa santuri mpya. Hedwig akafungua dirisha ili walio nje wasikie, ingawa walio nje nao walikuwa wamefungua madirisha na redio zao. Mvumo ukaanza, na Norbert akajua papo hapo. Ulikuwa juu mno, mwembamba, una haraka. Gisbert akakunja uso.

"Mtangazaji ameiweka kwenye mwendo wa arobaini na tano," alisema Almut polepole. "Ni ya thelathini na tatu. Ameharakisha."

Na angejuaje, maskini? Kwenye santuri ya kuimba, mwimbaji akigeuka panya hata mtoto anajua mwendo umekosewa. Hii haikuwa na mwimbaji, na katika muziki ule mpya mlio wowote ungeweza kuwa ndio wenyewe. Gisbert alishainuka kuomba simu ya Kubiak. Alidhani kinachoharibika ni santuri. Norbert peke yake ndiye aliyekuwa akipiga hesabu kichwani: alipunguza kama robo, na huyu mtangazaji amerudisha kilekile yeye alichokipunguza. Akainuka, akaunyosha mkono hadi kwenye redio. Hedwig akampiga kofi mkononi.

"Usiguse, ndiyo kwanza inaanza," alisema, akaongeza sauti.

Angeweza kuchomoa waya, redio ilikuwa karibu na goti lake. Lakini mtu akichomoa waya lazima aseme sababu. Akakaa.

Ndipo baba yake akaanza kukohoa redioni. Haikuwa pampu, wala haikuwa chuma. Ilikuwa ni mtu mzima anayevuta hewa, inakwama, inatoka, na nyuma yake, wazi kabisa, ikaja sauti ya mwanamke: "Taratibu, Alfons. Shika dirisha." Hewa ikavutwa tena, ikakwama, ikatoka. "Taratibu, Alfons. Shika dirisha." Pete ilikuwa inazunguka. Hedwig alikuwa amesimama na kisu cha keki, mdomo wazi, anajisikia akirudia yaleyale maneno bila kuyasema. Na kutoka nje, kwenye madirisha ya mtaa mzima aliouambia mwenyewe, kikohozi kilekile kiliingia kikitokea jikoni kwa akina Nowak, kwa akina Sprenger, kwa mjane wa kona, kila nyumba ikimwambia Alfons ashike dirisha.

Upande wa santuri si mfupi. Hakuna aliyekwenda kuzima, maana kuzima sasa kungekuwa ni kukiri kwamba wamesikia. Alfons alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, vile anavyosikiliza nguzo, na uso wake ulikuwa mwekundu, mishipa imetoka shingoni. Norbert alijua maana yake: alikuwa anakizuia cha kwake. Kisha Alfons akaacha kuzuia, kwani hapakuwa tena na wa kumficha, akakohoa pale mezani mbele ya keki, yeye na redio, na mwendo wao ulikuwa mmoja.

Kubiak aliweka kikombe kwenye sahani taratibu sana. Akachukua kofia yake.

"Alfons," alisema, "kesho usishuke. Pita kwangu kwanza."

"Nimesikia," alisema Alfons.

Kubiak akamshukuru Hedwig kwa keki ambayo hakuimaliza, akatoka kwa mlango wa ua. Gisbert alikuwa bado amesimama, hajui aende wapi. Almut alimgeukia Norbert.

"Norbert," alisema. "Ile pampu."

"Ni baba yangu," alisema Norbert. "Si mpimaji. Anachimba. Na yule mlevi ni yeye."

Yalimtoka yote kwa mara moja, sasa ambapo hayakumsaidia mtu. Almut akamwendea Hedwig akamshika mikono, akamwomba radhi, akamwomba radhi na Alfons, akachukua koti lake. Norbert hakumtazama, na yeye pia hakumtazama Norbert. Gari lao liliposikika likiondoka, maua yalikuwa bado mezani kwenye karatasi yake, hakuna aliyekumbuka kuyatia maji.

Walibaki watatu. Hedwig hakulia wala hakugomba. Aliosha vyombo, akafuta meza, akatoa mkate na soseji ya maini, akaanza kupaka na kukata kama anavyofanya kila Jumapili kwa ajili ya zamu ya alfajiri. Kibati cha chakula kilipokuwa wazi mbele yake akakumbuka, kisu kikasimama hewani.

"Malizia tu," alimwambia Alfons. "Mtu hula hata asiposhuka."

Norbert alisimama mlangoni. Alikuwa na neno la kuomba msamaha, lakini kila alipotaka kulitoa aliliona dogo, dogo hata kuliko yale mawe ya kwenye ukanda. Alitamani baba yake ampige. Alitamani angalau amuulize kwa nini, ili ajibu na kukosea. Alfons akafuta mdomo kwa leso.

"Wanasema haikuwa mwendo wake," alisema. "Ile yenu ni ya polepole."

"Ndiyo, baba."

"Lete nisikie. Kama inavyotakiwa."

Norbert akapanda juu, akatoa nakala nyuma ya kabati, akashuka na santuri na mashine yake. Mikono yake, ile mikono mizuri, ilikosea kuweka sindano mara mbili. Akaweka kwenye thelathini na tatu. Mvumo ukaja, mpana na wa chini, na ndani yake ile pampu ikaanza kuvuta na kusukuma, nzito, na sauti ya Hedwig ikapita kama mngurumo wa mbali usiosema kitu. Alfons alisikiliza upande mzima. Mchimbaji alipopanda juu na kengele ya mwisho ilipolia, aliitazama santuri ikiendelea kuzunguka.

"Kweli ni pampu," alisema. "Hata mimi mwenyewe nisingejijua. Ulinificha vizuri, mwanangu."

Hakulisema kwa ukali. Halafu akavuta kibati, akatoa kipande kimoja, akakisukuma mezani mpaka upande wa Norbert, na Norbert akakaa chini akakila chote pamoja na kingo. Kilikuwa laini, cha leo leo, hakikuwa na harufu ya bati wala ya chini ya ardhi.